Mlango wa Upande wa Mto

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Meneja wa Njia alikuwa ameketi nje ya hema kubwa, upande wa Kitui, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu vya raba, akasema, "Mama, unajua kutembea?"

Nilidhani ananitania. Nimezaliwa mahali ambapo mtoto akishaweza kusimama anapewa kibuyu akachote maji, na maji yenyewe yako bonde la ng'ambo. "Kwani hapa nimekuja nikitambaa?" nikamjibu. Wapishi wakacheka, Meneja naye akacheka, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya mpaka magoti yalipokataa. Vijana mliochukua kazi hii baada yetu mmekuwa mkiniuliza tulikuwa tukiifanyaje. Nitawaeleza, ila nitaeleza kwa mwendo wangu, na anayetaka kunipita anipite.

Njia yetu ilikuwa ya miguu peke yake. Ilianza kwenye vilima vya Kitui, ikateremka hadi mto Athi, ikavuka na kupanda upande wa Makueni, ikapita Tawa na Mukuyuni, ikamalizikia mji wa Wote. Waliotembea walikuwa watu wa Nairobi waliochoka kukaa ofisini, vikundi vya makanisa, wastaafu, na mara mojamoja Mzungu mwenye kofia pana. Walilipa ili watembee. Nilipomweleza mama yangu mdogo, aliniuliza kwa upole walikuwa wamefanya kosa gani.

Msafara mmoja ulikuwa na watu wawili wa kuulinda. Mbele alitangulia mtangulizi, anayejua njia na kuchagua mwendo. Nyuma kabisa alikuwepo mfunga njia. Huyo hampiti mtu yeyote. Mtu wa mwisho akisimama kufunga kamba ya kiatu, naye anasimama. Akikaa kwenye jiwe alie, naye anatafuta jiwe lake. Na mfunga njia alikuwa na haki moja ambayo hata meneja hakuwa nayo. Akisema kwenye redio ya mkononi kwamba njia imefungwa, basi msafara wote unasimama pale ulipo, wa mbele na wa kati, mpaka atakapoifungua. Sababu yake ni rahisi. Wa mbele hajui yanayotokea nyuma, na kiburi cha miguu yenye nguvu ni kibaya kuliko cha pesa.

Mimi niliingia jikoni kwanza. Mfunga njia wa wakati huo alipopata kazi nyingine kule barabara ya Mombasa, nikapewa nafasi yake kwa sababu hakuna aliyeitaka. Vijana wote walitaka kutangulia. Asubuhi ya kwanza nikatoka na kiondo changu, kikapu kilichosukwa nusu, nyuzi za mkonge zikining'inia, nikaanza kusuka nikitembea kama mama zangu walivyofanya wakienda sokoni.

Meneja akaniona. "Hiyo kiondo iache, mama. Hapa ni kazi."

"Kazi ni ya miguu, meneja. Mikono iko bure."

"Watu watasema hauko serious."

"Wacha waseme wakitembea."

Alinuna, lakini aliniacha, na baada ya msimu mmoja alikuwa akiwatuma wafunga njia wengine kwangu wajifunze. Ukimtazama mtu aliyechoka, anaona haya. Anaongeza mwendo asiouweza, anajikwaa, na jioni unambeba. Lakini akigeuka nyuma akakuta umeinamisha macho kwenye kazi yako, unahesabu nyuzi, unanung'unika na fundo lililokataa, anaamini kwamba hata wewe ungekuwa hapo hapo. Hakuna anayemngojea. Moyo wake unatulia na miguu inajipa kazi yenyewe. Mwenda pole hajikwai, na mwenda pole anahitaji mtu wa kwenda pole naye asiyejifanya anamhurumia. Hayo mengine ni kanuni ndogondogo: usimuulize mtu kama amechoka, usimwambie tumekaribia kama hamjakaribia, na usiuguse mzigo wake kabla hajauweka chini mwenyewe.

Nikiwa pale nyuma niliishi kama mtu anayeota ndoto akiwa macho. Sauti za mbele zilinijia zimefifia, kicheko bila mchekeshaji wake. Vumbi la wengine lilikuwa limeshatua nilipofika. Ndege waliokimbia msafara walikuwa wamerudi matawini. Nimeiona nchi ya Ukambani ikiwa imeshasahau kwamba watu wamepita, na mpaka leo naiona hivyo nikifumba macho.

Baada ya misimu kadhaa nikahamishiwa upande wa Makueni, kipande cha kutoka Athi hadi Tawa. Huko bosi wangu alikuwa Mkuu wa Msafara, mtu mwembamba, wa saa na redio, ambaye aliamini kila jambo duniani lina muda wake wa kufika. Hakuwa mbaya. Alikuwa amewahi kufanya kazi za mabasi, na basi likichelewa mtu anatukanwa. Mtangulizi wetu alikuwa Salim, kijana wa Mwingi mjini ambaye babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wote tuonekane tumekikopa. Watu hao wawili muwakumbuke, kwa sababu ndio waliokuwa mbele siku ile ya mvua.

Mvua ile ilianza kabla hatujamaliza chai. Ilikuwa imengojewa sana. Makanisa ya pande zote mbili za mto yalikuwa yamefunga na kuomba, na mashamba yalikuwa yamelimwa yanangoja. Mtu mmoja wa Nairobi akatoa kichwa nje ya hema, akailaani kwa Kiingereza. Mpishi wetu akaweka sufuria chini. "Ndugu yangu," akamwambia, "hapa mvua haitukanwi. Ukitaka kutukana kitu, tukana hiyo hema." Yule bwana akaomba msamaha, na sidhani alijua anamwomba nani.

Mtu wangu wa mwisho siku hiyo alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mwalimu mstaafu wa Kitui mjini, jina lake Ndinda. Mwanawe alikuwa amemnunulia koti la mvua la kijani linalofika kwenye vifundo vya miguu, na begi la mgongoni lenye mikanda mingi kuliko hatamu za punda. Tangu Athi alikuwa wa mwisho kila siku, lakini hakuwahi kulalamika. Nilikuwa nimejiuliza ni nini kinachomsukuma. Wengine walikuja kupunguza mwili au kupiga picha. Huyu alitembea kama mtu aliyetumwa.

Njia ilikuwa udongo mwekundu, na udongo mwekundu ukilowa unakuvua kiatu bila kukuuliza. Tulipiga hatua, tukang'oa mguu, tukapiga nyingine. Matone yalipiga kofia ya koti lake kwa mdundo mmoja usiokwisha, ukungu ukashuka ukaifunika migunga, na kwa muda mrefu tulionekana hatuendi popote. Nyuzi zangu zililowa zikawa ngumu kuvutika, lakini nilizivuta. Ndipo Mwalimu Ndinda akaanza kuzungumza bila kugeuka, kana kwamba anaiambia mvua.

"Mama yangu anakaa ng'ambo ya mto wa mchanga, kabla ya Tawa. Leo tutapita kwake."

"Yuko mzima?"

"Mwili ni mzima. Kumbukumbu ndiyo imeenda." Akatembea kidogo. "Nimeenda kwake na gari mara tatu tangu hiyo shida imuanze. Kila mara ananikaribisha vizuri sana. Analeta kiti chenye mto. Ananiuliza nimetoka wapi, na kama serikali imenituma. Mara ya mwisho akaniambia, 'Nina msichana wangu ameolewa Kitui, anaitwa Ndinda. Mkionana utampenda.'"

Nikavuta uzi.

Akaendelea kunieleza polepole, na nikaelewa. Boma la mama yake lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama barabara, na huko walishuka watu wa gari: wachungaji, maafisa, watu wa matanga. Wote walikuwa wageni. Mlango wa pili ulikuwa pengo tu kwenye ua wa minyaa, upande wa mto, na kwa pengo hilo walipita watu wake: mumewe akitoka shambani, watoto wakitoka kuchota maji, na Ndinda mwenyewe miaka ile ya kwanza ya ndoa, alipokuwa akija kwa miguu kutoka Kitui na kiondo mgongoni. Sasa mama huyo mzee anashinda ameketi nyuma ya jiko, uso kwenye pengo. Dada mdogo wa Ndinda anayemtunza alikuwa ameona jambo. Jirani akija kwa barabara, mama anamwita mgeni. Jirani huyo huyo akitokea mtoni, anamwita kwa jina.

"Kwa hivyo nikafikiria," akasema Mwalimu, "labda shida si mimi. Labda ni mlango."

Niliwahi kufunga njia nyuma ya watu wengi wenye sababu nyingi, lakini sikuwahi kusikia sababu kama hiyo. Nikamwambia aangalie utelezi, maana ndilo jambo lililokuja mdomoni.

Redio ikakoroma. "Mama Wayua, mko wapi?" Ni Mkuu wa Msafara.

"Tuko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma yenu."

"Mama, hii si time ya mchezo. Kule juu Mbooni kumenyesha sana. Mto utakuja. Harakisheni."

Alikuwa na haki ya kuhofu. Mto wa mchanga, kwa msiojua, ni mto unaolala mwaka mzima. Unaukuta ni barabara nyeupe ya mchanga, watu wanachimba visima humo, mbuzi wanavuka. Kisha mvua inanyesha mbali vilimani, na maji yanakuja yakiwa yamebeba vijiti, povu na harufu ya udongo mpya, pengine wewe uliposimama jua linawaka. Pale tulipovukia, kikundi cha mwethya, yaani akina mama wanaofanya kazi kwa kusaidiana, walikuwa wamejenga ukuta wa mawe wa kuzuia mchanga ili maji yabaki chini yake. Kiangazi tulivuka juu ya ukuta huo. Mto ukijaa, ukuta unamezwa.

Hatukuharakisha. Si kwamba sikutaka. Mwalimu hakuwa na haraka yoyote iliyobaki mwilini. Tulipofika ukingoni tulikuta mto umeshakuja, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukipita kimya kimya kwa kasi. Ng'ambo niliona makoti ya rangi rangi ya msafara yakipanda kuelekea kanisa dogo la mabati. Walikuwa wamevuka na maji yakifuata visigino.

Mwalimu Ndinda akasimama akautazama mto. Maji ya mvua yalimtiririka usoni, na sikuweza kujua kama ni ya mvua yote.

"Mama Wayua, sikiza," redio ikasema. "Gari la mizigo linakuja upande wenu. Mtaingia, mtazunguka na daraja. Huyo mteja nimeambiwa anaenda kwa mama yake hapa karibu. Gari itamfikisha mpaka mlangoni. Sawa?"

Mpaka mlangoni. Nikamtazama Mwalimu, naye alikuwa amesikia. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka kwa baridi, na begi lile lilikuwa limemvuta mabega nyuma kama mtu aliyekamatwa.

"Niingie tu kwa gari," akasema. "Pengine ndivyo Mungu amepanga. Nyinyi wote mnalowa kwa ajili yangu. Nitakunywa chai kama mgeni, sitakufa."

Aliyasema kwa heshima, na ndiyo maana yaliniuma. Kama angelia ningejua la kufanya. Nikafikiria msafara mzima, watu waliolowa, mahema yao yakiwa Tawa, na mkuu wangu mwenye saa yake. Nikafikiria pia kwamba mto wa mchanga huja kwa kishindo, lakini mvua ya vilimani ikikatika, hauchukui muda kupungua. Juu ya Mbooni wingu lilikuwa limeanza kupasuka. Nikabonyeza redio.

"Njia imefungwa."

Mkuu akauliza, "Imefungwa kwa nini? Gari si inakuja?"

"Gari irudi. Tunangoja maji yashuke."

"Mama, ukifunga njia na gari iko, utajieleza ofisini. Na inaweza kuwa ni siku yako ya mwisho. Nakuambia mapema."

Niliogopa, nisiwadanganye. Nilikuwa na mtoto wa mwisho sekondari, na kazi Ukambani haziokotwi njiani. Ndipo sauti ya Salim ikaingia, taratibu, kama mtu anayefungua dirisha. "Mkuu, wateja wako hapa kanisani. Wenyeji wametuwashia moto, wametupikia chai. Hakuna aliye na haraka. Mama, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Funga njia yako, nasi tutakungoja na kamba."

Nikamsikia Mkuu wa Msafara akimwambia dereva ageuze. Nikachomeka kijiti pale maji yalipoishia, kama tulivyofundishwa, ili nijue yanapanda au yanashuka. Kisha tukaingia kwenye kibanda cha pampu ya maji kilichokuwa hatua chache juu ya ukingo, tukaketi sakafuni.

Sijui tulikaa muda gani. Mabati ya kibanda yaliimba, mto ukajibu, na sauti hizo mbili zikawa kitu kimoja kilichotufunika kama blanketi. Mwalimu alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Kila alipoamka aliendelea na habari ile ile mahali alipoiachia: jinsi mama yake alivyomfundisha kusuka, na jinsi alivyofumua kazi yake yote kila alipolegeza uzi. "Alikuwa anafumua bila kugombana," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya." Mimi nilisuka. Nilikuwa nimefika karibu na ukingo wa kiondo, mahali nyuzi zinapokunjwa ndani, nikawa naona vidole vyangu kama vya mtu mwingine, mtu wa zamani anayenisukia.

Alipoamka mara ya mwisho nikamuuliza anampelekea mama yake nini. Akafungua begi akanionyesha: sukari, majani ya chai, leso mpya mbili, na unga wa wimbi.

"Na hilo begi ndilo utaingia nalo?"

Akalitazama kama ambaye hajawahi kuliona. Akalitazama na koti la kijani. Kisha akaanza kucheka, cheko la msichana, mpaka akajifuta macho. "Nimetembea kutoka Kitui nikiwa nimevaa kama mtalii," akasema.

Nikampa kiondo.

"Lakini haijaisha, dada. Hizi nyuzi zimening'inia."

"Ndiyo tuko nayo."

Tukahamisha vitu vyote humo. Mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, hatukuwa nao, kwa hivyo nikasokota kamba ya mkonge, nikaizungushia kitambaa changu cha kichwa ili isimkate. Begi na koti nikavibeba mimi. Hapo kanuni niliyowatajia haikuvunjwa, maana alikuwa ameviweka chini mwenyewe.

Nilipotoka kutazama kijiti, kilikuwa kimesimama pakavu. Mawe ya ukuta yalikuwa yameanza kutokeza, moja hapa, jingine pale. Tulingoja mpaka yote yakaonekana na maji yaliyopita juu yake hayazidi vifundo vya miguu. Salim akaturushia kamba, tukaifunga kwenye chuma cha pampu, tukavuka, Mwalimu mbele na mimi nyuma yake kama kazi yangu ilivyo. Nikasema kwenye redio kwamba njia imefunguliwa. Mkuu akajibu neno moja tu, "Sawa," akauongoza msafara kwenda Tawa.

Sisi tukashika kijia cha kupanda kutoka mtoni. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Nilimwona Mwalimu akibadilika mbele ya macho yangu. Ukibeba kwa paji la uso huwezi kutembea kama mtu wa mjini. Shingo inainama, mgongo unasogea mbele, mikono inashika kamba kando ya masikio, na hatua zinakuwa fupi zenyewe. Alikuwa hajabeba hivyo tangu ujana, lakini shingo yake haikuwa imesahau. Nikijua ni mwanamke wa makamo yangu, bado nilimwona bibi arusi anayerudi kuwasalimu kwao.

Pengo la minyaa likatokea. Nyuma ya jiko, chini ya ubati, alikuwa ameketi mzee mdogo kama mtoto, leso mbili mabegani, macho kwetu. Mwalimu akasimama kwenye pengo. Nilisikia pumzi yake. Hakuinua uso, nadhani aliogopa kuuinua. Mzee akatutazama, akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu aliyekasirika kidogo:

"Umechelewa. Mto ulikuwa umejaa?"

Hapo Mwalimu Ndinda akainua uso. "Ulikuwa umejaa, mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama yangu.

"Nilijua. Nimeusikia tangu asubuhi." Akaninyooshea kidole. "Na huyo mgeni uliyemleta, unamwacha asimame? Mpe kiti."

Nikapewa kiti, kile chenye mto. Mwalimu akashusha kiondo akaketi chini, penye vumbi kavu chini ya ubati, kama binti anavyoketi. Mzee hakumkumbatia wala kumwuliza habari. Alikivuta kiondo, akatoa vitu vyote akaviweka kando bila kuvitazama, akakigeuza, akapitisha kidole ukingoni. Akaguna. Kisha akaanza kufumua. Safu zangu za siku nzima, nilizosuka kwenye matope na ndani ya kibanda, zilitoka moja baada ya nyingine.

"Ndinda," akasema, "ni nani amekufundisha kulegeza hivi?"

Mwalimu akanitazama, machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka pamoja. "Nimekosa, mwaitu," akasema. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mgeni nikaimeza aibu yangu, nikaiona tamu.

Baadaye, nilipokuwa nimehamishiwa Mukuyuni kufundisha wafunga njia wapya, Mwalimu alinitembelea. Aliniambia kumbukumbu ile ilidumu mpaka chakula kilipoiva. Walipoanza kula, mama alimkaribisha nyama kwa adabu, akamwuliza kama njiani alikutana na msichana wake. Nilimpa pole. Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimeshaulizwa kwa nini nimechelewa," akasema. "Mgeni haulizwi hivyo." Alikuwa amerudi kwa njia ya mto mara kadhaa tangu hapo. Siku nyingine alitambuliwa, siku nyingine hakutambuliwa. Kiondo kilikuwa kimeshamalizwa, kimekazwa mpaka kingebeba maji.

Kuhusu ofisi, niliitwa kweli. Mkuu wa Msafara alinikalisha, akafunga mlango, akaniuliza kwa nini nilikataa gari. Nikamwambia gari lingefika kwenye mlango usiofaa, nikamweleza milango yote miwili. Alisikiliza akiizungusha saa mkononi. Mwisho akasema, "Wakati mwingine uniambie hayo kwa redio."

"Mbele za wateja wote, mkuu?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Afadhali ulivyofanya." Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa kwenda kwao kumwona mama yake, jambo ambalo hatukuwahi kumsikia akilifanya katikati ya msimu.

Sasa nimestaafu. Walinipa zawadi ya koti la mvua, zuri sana, na ningelipenda zaidi kama wangenipa nikiwa bado nalowa. Magoti yangu yananitabiria hali ya hewa kabla ya redio. Nakaa nyumbani kwangu nje kidogo ya Mukuyuni, nasuka, na ninyi mnapita mkiniuliza siri ya kazi. Siri sina. Kaa nyuma ya mtu wa mwisho, tafuta cha kufanya kwa mikono, na umjue anaenda kwa nani. Mengine mtayajua mkilowa.

Ila kuna jambo moja ninalolifanya. Watoto wangu wakija kunitembelea huja kwa bodaboda hadi mlangoni, vumbi na honi. Nimewaambia washukie kule chini kwenye kona, wapande kwa kijia cha mtoni, mmoja mmoja, nikiwa nimeketi hapa nyuma ya jiko. Nataka macho yangu yawazoee wakitokea huko, mapema, kabla sijahitaji. Wanacheka, lakini wanashuka.